Kuku Mmoja, Shule Tatu

Mwaka ule watahiniwa wa shule tatu, zilizotenganishwa na vilima viwili na mto, walimpeleka kuku mmoja katika soko la Ekerenyo. Alikuwa kuku mwekundu mwenye jicho moja. Mvua ilinyesha akiwa kwapani mwa mwenyewe, akachomoka, akaingia katika chungu cha mwanamke muuza vyungu, akataga humo. Msahihishaji wa insha, popote alipokuwa ameketi na rundo lake la karatasi, hakuwa na sababu ya kujua Ekerenyo ni wapi, lakini kuhesabu kuku alijua. Matokeo ya shule zote tatu yalizuiwa, na neno lililotumika juu ya watoto wetu lilikuwa udanganyifu.

Hapakuwa na udanganyifu. Hakuna karatasi iliyovuja, wala hakuna mwalimu aliyenong'ona dirishani. Kilichokuwepo ni kazi ya pamoja ya walimu wanne waliopenda kazi yao, nami nilikuwa mmoja wao. Nimestaafu mwaka huu. Walimu vijana walioniandalia chai ya kuniaga waliniuliza jinsi tulivyokuwa tukitayarisha masomo pamoja kabla wao hawajazaliwa, kwa kuwa walisikia tulikuwa hodari. Niliwaahidi kuandika. Vyeo na mishahara nimeviacha nje. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi katika miaka ya sitini, wakati bendera mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua. Nilifika shuleni Jumatatu asubuhi nikiwa na sanduku la bati, cheti cha ualimu, na viatu ambavyo matope ya Nyamira yaliviheshimu kwa nusu saa. Nilipewa darasa la nne. Kuta zilikuwa za udongo, na ubao ulikuwa mbao tatu zilizopakwa weusi uliotoka ndani ya betri kuukuu za tochi, ukachanganywa na maji ya majani. Mvua ikipiga upande wa dirisha, weusi ule ulihamia kwenye shati la mwalimu.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Mokaya, mtu mrefu, Mwadventista aliyelima chai maisha yake yote bila kuinywa hata kikombe kimoja. Siku ile ya kwanza alikaa nyuma ya darasa langu kwenye benchi la watoto, magoti yakimfikia kidevuni, akanisikiliza nikifundisha eneo la mstatili. Niliandika kanuni, nikachora, nikafuta, nikaandika tena. Nilipomaliza nilikuwa na jasho na furaha. Alisubiri watoto watoke, kisha akaniambia, "Umeufundisha ubao vizuri sana, momura. Kesho jaribu watoto."

Momura kwetu ni kijana mwanamume, na aliniita hivyo hadi siku niliyomwona mara ya mwisho, wakati nilikuwa tayari na watoto wawili.

Ni yeye aliyenifundisha kazi, kwa maana chuoni nilikuwa nimefundishwa maneno ya kazi hiyo tu. Alinionyesha kusimama ubavu nikiandika, ili jicho moja libaki darasani. Alinionyesha kuuliza swali kwanza, kisha kunyamaza, kisha ndipo nitaje jina la mtoto, maana ukitaja jina kwanza wengine wote huenda likizo. Chaki alitaka ikatwe vipande viwili kabla ya kutumika, kwa kuwa ndefu hulia ubaoni na kuvunjika. Hakuna lolote kati ya hayo nililolikuta katika kitabu.

Wazo la kutayarisha masomo pamoja lilikuwa lake, nalo hakulitoa mbali. Nyumbani kwetu kuna egesangio, kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu: leo majembe yote yapo kwako, kesho yapo kwa jirani, na hakuna anayelima peke yake hadi achoke. Mokaya aliuliza kwa nini mwalimu alime peke yake. Akazungumza na shule mbili za jirani. Moja ilikuwa ya Wakatoliki, na huko alimpata Mwalimu Kwamboka, mwanamke mfupi wa sauti ndogo ambaye darasa lilimnyamazia kuliko lilivyotunyamazia sisi wenye fimbo. Kutoka shule ya ng'ambo ya mto alikuja Mwalimu Osoro, rika langu, aliyecheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe.

Siku ya kukutana ilituchukua majuma mawili kuipata. Ijumaa alasiri Waadventista wanajiandaa kwa Sabato. Jumamosi hawagusi kazi. Jumapili Wakatoliki wako misani, na hata wangetoka mapema, madarasa hayana watoto. Jumatatu ni ya ukaguzi wa sare na kucha. Katika siku zilizobaki tukachagua Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Watoto tuliowaacha shuleni kwetu tuliwapa kazi ya kufyeka uwanja, na nadhani hapajawahi kuwa na viwanja vilivyofyekwa vizuri kama vile.

Mmoja alifundisha, watatu wakakaa nyuma. Watatu hao hawakumtazama mwalimu; waliwatazama watoto, kila mmoja safu yake, wakaandika nani alielewa na kwa neno gani, nani alipotea na wapi. Kisha tulikaa chini ya mapaa ya nyasi na kulilima somo. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba tunalima shamba, hatumlimi mwenye shamba. Osoro aliivunja kila juma na kusamehewa kila juma.

Nitoe mfano, maana mliomba mfano. Kwamboka alifundisha sehemu za namba akiwa na ndizi mbivu. Aliikata katikati, akaonyesha vipande viwili, akauliza kila kimoja ni nini. Mtoto wa safu ya mbele akasema, "Hicho cha mwalimu ni kikubwa."

Na kweli kilikuwa kikubwa, kwa kuwa ndizi huanza nyembamba na kumaliza nene. Tulibishana mpaka jua likashuka. Osoro alipendekeza muwa, tukaona pingili za muwa nazo hazilingani. Mokaya ndiye aliyesema kamba ya katani: ikunje, ncha zikutane, hakuna anayeweza kubisha. Juma lililofuata Kwamboka alifundisha somo lile kwa kamba huko kwa Osoro, na la tatu nikalifundisha mimi kwetu. Lalamiko pekee lilikuwa kwamba watoto walitaka ndizi.

Somo likishakomaa hivyo, liliingia katika daftari jeusi la jalada gumu. Daftari lilitembea nasi, kila mwezi shule moja, na kila shule ilinakili kwa mkono. Sheria ya pili ya Mokaya ilihusu daftari hilo: andika kila neno. Andika swali kama utakavyolisema, jibu la mtoto kama litakavyokuja, na mahali pa kunyamaza, kiasi kwamba ukilala na malaria mwenzako alifundishe bila kuja kukuuliza kitandani. Kwa kamba na sehemu za namba, ilikuwa sheria nzuri sana.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tuligeukia insha. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa bado na insha ya Kiingereza, na insha za watoto wetu zilikuwa kama majeneza. Waliandika safari za treni bila kuwahi kuona reli. Walianza wote na asubuhi ya jua kali na ndege wakiimba, hata aliyeandika habari za mazishi. Mokaya alisema mtoto hawezi kuandika kwa lugha ya pili jambo ambalo hajalisema kwa ya kwanza. Alhamisi moja alifunga mlango wa darasa la sita, akachukua kile kibao ambacho mtoto aliyekutwa akisema Ekegusii alivishwa shingoni, akakitia mfukoni mwake. Akawaambia wasimulie jambo lolote lililowapata, kwa lugha ya mama zao.

Wa nne kusimama alikuwa Kemunto. Alikuwa msichana mwembamba, mzaliwa wa kwanza, kutoka boma la juu ya shule. Baba yake alikuwa amepata kipande cha ardhi kule Nyansiongo, walikoondoka walowezi, naye alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa amepitia shuleni kutuambia msimamo wake waziwazi, kama mtu anayetangaza mpaka wa shamba: Kemunto angefanya mtihani mara moja. Akipita, angeendelea na shule ya upili. Asipopita, kuna wadogo zake watano na ng'ombe wa kukamua. Hakusema kwa ukali. Alitaka tu tujue.

Kemunto alisimulia jinsi alivyotumwa kumuuza kuku aliyepewa na nyanya yake, mwekundu, aliyepoteza jicho kwa mwewe. Alisimulia mvua, na kuku kuchomoka, na chungu, na yai. Muuza vyungu alilishika lile yai na kusema, chungu ni changu na kilicho ndani ya chungu changu ni changu. Kemunto akasema kuku ni wangu. Watu wakakusanyika, wengine upande huu, wengine ule. Mwishowe mwanamke akabaki na yai, na Kemunto akarudi nyumbani na kuku ambaye hakuuzwa.

"Mama akaniuliza kwa nini hukumuuza," alimaliza. "Nikamwambia leo alikuwa na kazi."

Darasa lilicheka hadi likapiga madawati. Mimi nilikuwa nyuma na kalamu, safu ya dirishani, na katika karatasi yangu ya siku ile niliandika kwamba hakuna mtoto aliyetazama nje.

Hapo ndipo tulipopaswa kusimama. Somo lilikuwa mlango uliofungwa na kibao mfukoni; lilikuwa mtoto akisema jambo lake. Lakini tulikuwa na sheria ya kuandika kila neno, na kitu kilichokuwa na maneno ni kuku. Tulimtia katika Kiingereza, tukamlima kwa Alhamisi nne. Kwamboka aliongeza sentensi ya mvua, nzuri sana, ya matone yaliyogonga vyungu kila kimoja kwa sauti yake. Mimi niliongeza mwanzo, tukaanzia kuku anapochomoka badala ya asubuhi. Osoro alikataa mwisho wa Kemunto. Alisema mtahini hapendi kuona mtoto akinyang'anywa, akamleta mzee wa soko aliyeamua yai lirudi, na yai likaanguliwa jogoo. Mokaya alisahihisha nyakati za vitenzi. Tulipomaliza, Kiingereza cha hadithi ile kilikuwa bora kuliko cha yeyote kati yetu akiwa peke yake. Nikainakili katika daftari jeusi kwa mwandiko wangu. Jina la Kemunto niliona ni adabu kutoliweka.

Kutoka pale kuku alivuka mto.

Mwaka uliofuata, katika jaribio la muhula wa pili la darasa la saba, nilisahihisha insha kumi na moja zenye kuku mwenye jicho moja. Kichwa cha insha kilikuwa "Siku ya michezo shuleni kwetu". Katika nyingi, kuku alikatiza uwanja wakati wa mbio, ndipo mwandishi akakumbuka alivyompeleka Ekerenyo. Niliyapeleka madaftari Alhamisi. Kwamboka alisema ana kuku tisa kwake. Alisema haipendi hali hiyo, na kwamba watoto wameacha kusimulia, wanasoma tu kichwani. Osoro alimcheka.

"Waache na kuku wao," alisema. "Hata wakikosa yote, huyo atawavusha."

Tulimgeukia Mokaya. Alisema muda umebaki mdogo na kwamba tusiwavuruge watoto sasa. Nilikuwa na neno la kusema, nikalimeza, kwa sababu alikuwa Mokaya. Nilifanya zaidi ya kumeza. Majuma mawili kabla ya mtihani niliwaambia watoto wangu swali likiwa la safari, kuku yuko safarini. Likiwa la sherehe, kuku ameletwa kwenye sherehe. Wakikwama kabisa, wamtafute kuku. Niliyasema hayo kwa sauti, mbele ya darasa, na Kemunto ameketi safu ya tatu. Aliinamisha kichwa. Nilidhani anaandika.

Matokeo yalipotoka Mokaya alikwenda mjini Kisii kuyachukua, akarudi mikono mitupu. Hakupandisha sauti alipotueleza. Alisema afisa alimwonyesha barua yenye majina ya shule tatu, akamsomea sentensi ya matone na vyungu, akamuuliza kama anaijua. Mokaya alijibu anaijua. Alijaribu kueleza kuhusu Alhamisi, egesangio na daftari. Afisa alimsikiliza kwa heshima, akasema kwamba kwa miaka yake yote ya kazi hajawahi kusikia walimu wakitoka shule zao kwenda kusaidiana bure, na kwamba kama maelezo yapo, yaandikwe.

Tukaandika barua. Ilikuwa kazi yetu ya mwisho ya pamoja, na tuliipitia Alhamisi tatu, kila mmoja akiongeza sentensi, ikawa barua nzuri. Tulieleza namna tulivyofanya kazi, tukakiri kwamba tuliwapa watoto mfano nao wakaukariri. Daftari jeusi tuliliambatisha kama ushahidi. Kwamboka alitaka tuseme kwamba mfano wenyewe ulikuwa hadithi ya kweli ya mtahiniwa mmoja, na tumtaje, ili angalau yeye asihesabiwe. Osoro alisema tukimtaja mmoja tumewahukumu waliobaki. Itaonekana yeye ndiye chanzo cha wizi. Mokaya alituachia sisi tuamue. Mimi nilikuwa na kura moja, nikaipeleka kwa Osoro. Barua ilikwenda na daftari. Hakuna kilichorudi.

Mama yake Kemunto alikuja shuleni siku mojawapo ya likizo, akiwa na jembe begani na udongo bado miguuni. Alinikuta peke yangu nikipaka ubao. Nilimpa kiti, akasema hatakaa.

"Mwalimu," alisema, "egesangio unaijua?"

"Naijua, mong'ina," nilijibu, nikimwita mama kwa heshima ya kwetu.

"Tukija kulima kwako, nani huvuna?"

"Mwenye shamba."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anavyomkubalia mtoto aliyejibu sawa. "Kemunto mlimlimia vizuri. Nilikuwa nikimsikia akisoma, nafurahi. Sasa niambie nani amevuna."

Nilimwambia tumeandika barua. Aliuliza barua imesema nini, nikamweleza kwa kirefu, pengine kwa kirefu mno. Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Na humo ndani mmesema kuku alikuwa wa nani?"

Nilikuwa na brashi mkononi. Nakumbuka ilikuwa ikidondoka kwenye kiatu changu, nami sikuisogeza. Alinitazama kidogo, akageuza jembe likae vizuri begani, akaondoka kwa adabu, akiniaga kama wanavyoagwa walimu.

Jioni ile ile niliandika barua nyingine, ya kwangu mwenyewe, kwamba mtahiniwa Kemunto aliandika jambo lililompata, na kwamba sisi ndio tuliolichukua na kuligawa bila kumuuliza. Niliiweka katika bahasha, nikaandika anwani. Kabla sijaipeleka posta, ulikuja waraka uliokataza mwalimu kutoka shuleni kwake saa za kazi bila kibali, na kutaka majina ya waliokuwa wakifanya hivyo. Mokaya aliandika lake peke yake. Alihamishwa hadi shule ya mbali, chini ya mwalimu mkuu aliyekuwa mwanafunzi wake, na sikuwahi kumwona tena akifundisha. Mimi, kwa miaka yote ile, nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Bahasha niliitia sandukuni.

Wavulana wengi wa mwaka ule walirudia darasa, baadhi yao katika shule za mbali ambako majina yao hayakujulikana. Wasichana wachache walirudia. Kemunto alichukuliwa na baba yake hadi Nyansiongo kukamua, na miaka miwili baadaye akaolewa huku huku kwetu, upande wa Ekerenyo.

Mnataka kujua kilichobaki cha Alhamisi. Hakikubaki kitu. Osoro aliacha ualimu, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na kila aliponiona aliniuliza kama kuku bado anataga. Kwamboka alifundisha na mlango wazi, neno kwa neno kutoka kitabuni, hadi alipougua. Nilikwenda kumwona mwishoni mwa miaka ya sabini. Aliniambia hajathubutu tena kumwomba mtoto asimulie jambo lake. Mimi pia nilikuwa sijathubutu, lakini nilimwambia kwamba ninajaribu. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka mjini na chati za rangi, akatukalisha siku mbili kutufundisha kwamba walimu wakikaa pamoja wanaweza kuboresha masomo. Alitugawia kalamu. Niliandika alichosema, nikapiga mstari chini yake.

Ninyi mkikaa pamoja, kaeni. Angalieni watoto, msiangalie mwalimu. Kunjeni kamba. Siwezi kuwaambia zaidi ya hapo kwa moyo mweupe, kwa kuwa tuliyafanya yote hayo na tuliyafanya vizuri.

Nilipokuwa nikipanga vitu vyangu kwa ajili ya kustaafu, niliikuta ile bahasha chini ya sanduku la bati. Wino ulikuwa umegeuka kahawia, lakini ulisomeka. Niliitia mfukoni na kwenda kituo cha kupimia majani ya chai ambako nilijua Kemunto huleta yake. Alikuwa kwenye foleni na kikapu mgongoni, mama wa watu wazima sasa. Alinisalimu kwa mikono miwili. Nilimpa barua, nikamwambia niliiandika zamani na sikuipeleka, na kwamba alistahili kuiona.

Aliisoma akiwa amesimama, taratibu, midomo ikitembea kidogo. Kiingereza chake kilikuwa hakijampotea. Alipofika mwisho aliikunja katika mikunjo yake ile ile ya zamani, akanirudishia.

"Mwalimu, hapa umekosea," alisema. "Mimi sikuandika kuku."

Sikuelewa, nikamwomba arudie.

"Nilipofungua karatasi, Moraa mbele yangu alikuwa ameanza na kuku. Wa kando ameanza na kuku. Nikaona huyu si wangu tena, nikaandika kingine."

"Uliandika nini?"

Foleni ilisogea. Alisogea nayo, akateremsha kikapu mgongoni, akayatingisha majani yasishikane.

"Hicho nilibaki nacho," alisema, na karani akaita jina lake kwenye mizani.

Nimewauliza wawili waliokaa karibu naye siku ile ya mtihani. Mmoja anasema Kemunto aliandika kurasa mbili. Mwingine anasema aliandika mistari michache na kutazama dirishani muda mrefu. Karatasi yenyewe ilizuiwa pamoja na nyingine zote. Kama ilisahihishwa kabla ya kuzuiwa, sijui. Matokeo ya shule zetu tatu ya mwaka ule hayajatolewa hadi leo.